Mbiu ya Mnara

Katika nyaraka za serikali na za mashirika, kile kinachotakiwa kuwafikia watu wa Ngao, kwenye delta ya Mto Tana nchini Kenya, kabla mto haujawafikia huitwa "tahadhari ya mapema". Jina limezoeleka mno hata hatulisikilizi tena. Tulisikilize.

Kutahadhari ni kujihadhari. Anayemzindua mwenzake hutahadharisha. Kwa hiyo tahadhari ni mali ya anayeambiwa, si ya anayeambia. Mama wa Ngao anayehamisha magunia yake ya mpunga hadi palipoinuka ndiye mwenye tahadhari. Ofisi ya Nairobi iliyobonyeza kitufe imetoa habari tu. Tukiandika kwamba tahadhari "imesambazwa", tumemsifu mtumaji kwa kazi ambayo mpokeaji bado hajaifanya, na pengine hataifanya.

Na hiyo "mapema"? Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari, wakamaliza. Kabla hudai kitu cha kutanguliwa. Mapema haidai chochote. Ujumbe wa saa kumi na mbili asubuhi ni wa mapema hata kama maji yaliingia nyumbani usiku. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kila mtu duniani awe amefikiwa na huduma hii ifikapo mwisho wa 2027, na tangu hapo "mapema" imejaa kila warsha. Mimi ningeshika kabla.

Onyo nalipenda kwa ukoo wake: onya amezaliwa na ona, na kuonya ni kumfanya mtu aone. Bahati mbaya limeajiriwa ofisini, likawa barua ya onyo na onyo la mwisho. Mzee wa gasa, baraza la wazee wa Wapokomo, akipokea onyo kutoka serikalini atauliza kwanza amekosa nini. Ilani nayo imechukuliwa na vyama vya siasa. Indhari ni neno tamu, ndugu wa nadhiri, lakini limebaki kwenye darsa.

Limesalia mbiu. Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Angalieni uungwana wa methali hiyo: pembe haikuelezi jambo lenyewe, inakutoa nyumbani ukaulize. Mbiu ina mpigaji anayejulikana, ina eneo inakosikika, na inataka jibu. Haya yote hayamo katika "tahadhari ya mapema".

Kuna atakayesema mbiu ni pembe, na pembe haipo. Simu je? Ilitoka kwa Waajemi ikiwa na maana ya waya. Leo waya umeondoka na jina halijalalamika.

Tena mbiu inatusaidia kutenganisha vitu viwili ambavyo sasa tunavichanganya. Ujumbe mfupi huenda kwa namba zilizoandikishwa. Lakini upo utaratibu mwingine, ambapo mnara wa simu hurusha tangazo moja kwa kila simu iliyo katika eneo lake, bila kujua namba hata moja. Mfugaji Mworma aliyeteremsha ng'ombe wake kwenye malka, njia ya mifugo ya kushukia mtoni, jana jioni hayumo katika orodha ya mtu yeyote, ila yumo chini ya mnara. Ujumbe mfupi ni wa walioandikwa. Hiki kingine ni cha waliopo. Napendekeza kiitwe mbiu ya mnara.

Ujumbe, kwa asili, ni kazi ya mjumbe. Teknolojia imemwondoa mjumbe na kutuachia ujumbe, kisha tunashangaa kwamba watu hawauamini. Kwenye delta habari ya simu bado hupitia kwa chifu na barazani, na huko ndiko hupata mdomo wa Kipokomo au wa Kiorma. Kwa hiyo ripoti zisituhesabie jumbe zilizotumwa. Kutuma humalizikia kwa mtumaji. Kitenzi cha kazi hii ni kufikisha.

Sasa neno linalonichoma. Nyaraka husema "makundi hatarishi" zikikusudia wazee, walemavu na waja wazito. Hatarishi hutokana na kuhatarisha: hatarishi ni kile kinacholeta hatari. Mamba ni hatarishi. Bibi kizee asiyeweza kutembea yumo hatarini, na kumwita hatarishi ni kumgeuza yeye kuwa mafuriko. Tuseme walio hatarini. Herufi chache zaidi, haki nyingi zaidi.

Lipo pia neno bwawa. Ujumbe unasema "bwawa limejaa". Bwawa lipi? Delta nzima ni mabwawa, kwa maana ya zamani ya maji yaliyotuama, na bwawa kujaa huko ni habari ya samaki. Linalokusudiwa ni Masinga, lililokamilika mwaka 1981, kubwa kuliko yote katika mabwawa matano ya umeme ya Seven Forks, huko juu mtoni. Litajwe kwa jina. Kisha kuna ugomvi wa vitenzi: taarifa za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, husema bwawa "linafurika", na watu wa chini husema "wamefungulia maji". Kitenzi cha kwanza hakina mtu ndani yake, cha pili kina "wao". Mbiu haina haja ya kuamua kesi hiyo. Iseme: maji ya Masinga yanakuja, yatapita Garissa, kisha Hola, kisha Garsen. Yanakuja ni kitenzi ambacho hakuna anayekibishia.

Ugumu mkubwa uko kwenye mafuriko yenyewe. Mkulima Mpokomo huusubiri mto ujae. Bila kujaa hakuna tope la rutuba, na bila tope mpunga ni wa kubahatisha. Ukimwambia "mafuriko yanakuja" bila kipimo, umemwambia neema na msiba kwa pumzi moja. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina daraja tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Angalizo ni zuri sana. "Tahadhari kubwa" ni uvivu, ni kuongeza sauti badala ya kuongeza maana. Kwa Tana daraja zipo tayari katika lugha: mto unajaa, mto unafurika, gharika. La tatu lina kuzama ndani yake tangu Kiarabu, na aliyesikia habari za Nuhu, msikitini au kanisani, hahitaji rangi nyekundu. Mafuriko ya Elnino ya 1997 na 1998 yalistahili jina hilo.

Lililonishinda ni neno la kuwarudisha watu nyumbani. "Hali imerejea kawaida" ni uongo kwa aliyekuta shamba limechukuliwa. Shwari ni ya baharini. Kipini, mto unakoingia baharini, wataielewa upesi, lakini mto haupati shwari, hupungua tu. Labda basi mbiu ya mwisho iseme "maji yamepungua", na kila mmoja apime mwenyewe kama yamepungua vya kutosha kurudi.