Babu Mhunzi na Jembe Lake

Babu mhunzi wa Usukuma akumbukwe kama mmoja wa waasisi wa kilimo cha nchi hii ya Simiyu. Jembe lake lilikuwa na bapa pana na mkia uliochongoka, uliopenyezwa kwenye kichwa kinene cha mpini. Lilifungua mashamba ya mtama, na kwa majembe hayohayo watu walilipa mahari. Wapo wasemao majembe ya Ulaya yalimfuta. Yalizima tanuri za kuyeyushia mawe ya chuma, kweli, lakini jembe la dukani nalo huisha makali, na plau ya ng'ombe hupinda. Kuyarudisha shambani kulihitaji moto, mivukuto na mkono uliofundishwa na babu.