«Bette Davis Eyes»: ni macho ya nani yanaimbwa mule?

Kuna nyimbo ambazo mtu anaweza kuimba miaka makumi mbili bila kujua jina linalotajwa mule ndani ni la nani. «Bette Davis Eyes» ya Kim Carnes ni moja kati yazo. Ile sauti yake ya kukwaruza, wengi wanaitambua mara moja ikipigwa ku radio. Jina la wimbo kwa Kiswahili ni «Macho ya Bette Davis». Lakini huyo Bette Davis alikuwa nani, na macho yake yalifanya nini mpaka yakaimbwa?

Jibu kwa ufupi: alikuwa mchezaji wa sinema wa Marekani, kati ya wakubwa wa miaka ya 1930 na 1940. Na wimbo hausifu uzuri wa macho tu. Unazungumzia namna alivyoyatumia.

Wimbo wenyewe ulitoka wapi?

Uliandikwa mwaka wa 1974 na wanawake wawili, Donna Weiss na Jackie DeShannon. DeShannon njo aliurekodi wa kwanza, katika albamu yake «New Arrangement» ya mwaka wa 1975, lakini haukuvuma. Kim Carnes aliuchukua mwaka wa 1981. Mpiga kinanda Bill Cuomo alibadilisha mpigo wake na kuweka kinanda cha umeme, kile kinachosikika tangu mwanzo kabisa. Matokeo: juma 9 kwenye nafasi ya kwanza katika orodha ya gazeti Billboard kule Marekani. Mwaka wa 1982 ulipata zawadi mbili za Grammy, ya wimbo bora wa mwaka na ya rekodi bora ya mwaka.

Majina matatu, tabia tatu

Wimbo unamchora mwanamke mmoja asiyetajwa jina. Anavutia wanaume, anawachezea, na hakuna anayejua yeye mwenyewe anawaza nini. Ili kumchora, waandishi waliazima vitu kwa wachezaji watatu wa sinema.

Nywele ni za Jean Harlow. Huyu alijulikana juu ya nywele zake karibu nyeupe, na mwaka wa 1931 alicheza katika filamu «Platinum Blonde», jina lililotokana na rangi hiyo. Wimbo unazipa rangi ya dhahabu. Lakini filamu zake nyingi zilikuwa nyeusi na nyeupe: watu hawakuona dhahabu, waliona mwangaza. Harlow alikufa mwaka wa 1937, akiwa na miaka 26 tu.

Kushusha pumzi ni kwa Greta Garbo, mzaliwa wa Sweden. Hapa wasikilizaji wanaweza kukosea, sababu neno la Kiingereza la kushusha pumzi linakaribiana kwa sauti na lile la macho. Garbo hakuazimwa macho. Aliazimwa ile pumzi ya mtu anayeweka wengine mbali naye. Katika «Grand Hotel» ya mwaka wa 1932, alicheza kama mwanamke anayetaka kuachwa peke yake, na watu wakachukua maneno yale kuwa tabia yake mwenyewe. Kweli aliacha sinema mwaka wa 1941, akiwa na miaka 36, akaishi New York mbali na waandishi wa habari mpaka kufa kwake mwaka wa 1990.

Macho njo yanabakia kwa Bette Davis. Na hayo njo yalipewa jina la wimbo mzima.

Macho yaliyookoa kazi

Bette Davis alizaliwa mwaka wa 1908 katika muji wa Lowell, Massachusetts. Alianzia ku teatri, kisha mwaka wa 1930 akaenda Hollywood kufanya kazi na kampuni Universal. Inasimuliwa kwamba mtu aliyetumwa kumpokea ku gare alirudi peke yake. Sababu? Hakuona mtu yeyote anayefanana na mchezaji wa sinema.

Mkubwa wa kampuni, Carl Laemmle, alifikiri kumuachisha kazi. Aliyemtetea ni mpiga picha Karl Freund: alisema huyu dada ana macho mazuri, anaweza kufaa katika filamu «Bad Sister». Akabakishwa, na filamu hiyo ikatoka mwaka wa 1931. Kwa hiyo, miaka 50 mbele ya ule wimbo kuvuma, macho yale yalikuwa yamekwisha kumuokolea mkate wake.

Yalikuwa makubwa, yametokeza kidogo, na kope zake nzito. Davis aliweza kuyakodoa kwa ghafula, kuyashusha pole pole, ao kumkazia mtu bila kusema kitu. Nyota wengi wa wakati ule walitaka mwanga uwafanye wapendeze kila saa. Yeye alikubali kuonekana mubaya, kama katika «Of Human Bondage» ya mwaka wa 1934, ambamo anacheza mwanamke anayemtesa mwanaume anayempenda.

Mfano mkali zaidi uko katika «The Little Foxes» ya mwaka wa 1941. Mume anashikwa na ugonjwa wa moyo, chupa ya dawa inamponyoka, anamuomba mke wake akamletee ingine. Mke, ambaye ni Davis, hasogei. Mume anajikokota mwenyewe kwenye ngazi, nyuma ya mke wake, na kamera inabakia kwa uso wa yule mama aliyekaa kimya. Hasemi neno. Macho tu njo yanaonyesha kwamba ameamua kumuacha afe.

Mtu aliyeona sehemu ile anaelewa wimbo mara moja. Macho ya Bette Davis ni macho yanayokupima huku wewe ukifikiri unapendwa.

Siyo libanga

Kwetu Congo, jina la mtu likisikika katika wimbo, wengi wanafikiria libanga: mwimbaji anatupa jina la mtu ili asifiwe, mara nyingi kwa malipo. Hapa ni jambo lingine. Jina limetumiwa kama picha. Neno moja linabeba filamu nyingi, na mwandishi hana lazima ya kueleza zaidi. Hatari yake ni kwamba asiyezijua filamu anabakia na jina tupu.

Mwenyewe alisemaje?

Wakati wimbo unavuma, Davis alikuwa angali hai, na miaka 73. Aliwaandikia barua Carnes, Weiss na DeShannon, akiwashukuru kwa kumuingiza katika nyakati za sasa. Aliwaambia pia kwamba mjukuu wake sasa anamuona bibi yake kuwa mtu wa maana. Walipopata zawadi za Grammy, aliwatumia maua ya waridi.

Alikufa mwaka wa 1989 kule Neuilly-sur-Seine, Ufaransa. Mjukuu hakuhitaji filamu za zamani ili amheshimu bibi yake. Wimbo wa dakika chache ulitosha. Lakini anayetaka kujua wimbo ulikuwa unasema nini, aanzie pale kwenye ngazi za «The Little Foxes».