Seti ya Vijenzi

Mwanafunzi mmoja wa kemia pale kampasi ya Chiromo, Nairobi, aliniomba nimsaidie kuweka PySCF, programu ya bure ya kemia ya kwanta inayoendeshwa kwa Python. Kipakatalishi chake kilikuwa cha Windows, na PySCF haikai humo moja kwa moja, kwa hiyo tuliingiza Linux kwanza kupitia WSL. Baada ya hapo, pip install pyscf ikamaliza kazi. Alikwama alipokuwa akiieleza molekuli ya maji. Atomu aliziandika vizuri, kisha akakutana na neno basis.

"Mwalimu, hii ndiyo besi ya asidi na besi?"

Swali la haki kabisa. Besi katika Kiswahili imekwisha kupata kazi: ni mwenzake asidi, kama magadi. Ukiandika "seti ya besi", mwanakemia atakuelewa visivyo. Nalo "msingi" ni neno zuri lisilofaa hapa, kwa sababu msingi hubaki chini na nyumba ikasimama juu yake.

Kinachofanyika ni hiki. Obitali, lile wingu tunamotarajia kuipata elektroni, ina umbo ambalo hatulijui mapema. Kwa hiyo tunachukua maumbo mepesi tunayoyajua, kila moja tunalipa uzito wake, kisha tunayajumlisha mpaka yakaribiane na wingu lenyewe. Ni kama fundi wa nguo kule Kawangware anayeunga vipande: vikiwa vichache shati hupwaya, vikiwa vingi hufuata mwili. Tofauti ni kwamba vipande vyetu hupandana, na kila kimoja kimo ndani ya obitali nzima.

Ndiyo maana nashikilia "seti ya vijenzi". Kijenzi hujenga, nacho hubaki ndani ya kilichojengwa.

Mwaka 1950 mwanakemia Frank Boys alipendekeza vijenzi vya Gauss, vyenye umbo la kengele, kwa kuwa hesabu zake ni nyepesi. Seti ya STO-3G, iliyotolewa mwaka 1969, hutumia kengele tatu kuigiza obitali moja ya atomu. Kwa molekuli ya maji inatoa vijenzi 7 tu.

Mwanafunzi aliendesha hesabu ya Hartree-Fock kwa seti hiyo, akapata nishati ya takribani hartree −74.96 (hartree ni kizio cha nishati). Kisha akafuta sto-3g, akaandika cc-pvtz, seti kubwa zaidi. Vijenzi vikawa 58, na nishati ikashuka hadi karibu −76.06.