Kizunguzungu na Chembe za Sikio

Huenda umepata kumwona mtu akigeuka kitandani, mara akashika ukuta akidhani nyumba yazunguka. Usimcheke, wala usiseme amerogwa. Sababu mojawapo ni hii: ndani ya sikio mna mifereji mitatu yenye majimaji, itupayo habari za mwendo wa kichwa, na karibu nayo mna chembe ndogo mno za chokaa. Chembe zikibanduka na kuingia mferejini, kichwa kigeukapo huyasukuma majimaji, na ubongo hudanganyika.

Mwaka 1952 Margaret Dix na Charles Hallpike, wa London, walieleza namna ya kuutambua ugonjwa huo: mgonjwa hulazwa upesi, kichwa kimegeuzwa upande, na macho yake hutazamwa kama yanatikisika. Mwaka 1980 John Epley wa Marekani alionyesha kwamba kichwa kikigeuzwa hatua kwa hatua, chembe hurudi zilikotoka. Wenzake wengi hawakusadiki: tiba gani hii isiyo na kidonge wala kisu? Makala yake ilichapishwa mwaka 1992. Leo njia hiyo hutumika ulimwenguni, na mara nyingi kazi ya dakika chache humwondolea mgonjwa taabu.

Basi, msomaji, jambo jepesi usilidharau kabla hujalipima.