Rekodi ya mazungumzo ya kila siku

Katika isimu na ufundishaji wa lugha, istilahi hii hutaja sauti iliyonaswa watu wakizungumza kwa hiari yao, pasipo kusoma maandishi wala kupangiwa la kusema. Mkusanyo wa rekodi hizo pamoja na unukuzi wake huitwa kongoo ya lugha ya mazungumzo. Baadhi ya waandishi husema kopasi. Mazungumzo yaliyotungwa kwa ajili ya kitabu cha kiada hayamo, hata yakisomwa na Mwingereza.

Kwa Kiingereza, kazi hii ilipata msingi mwaka 1959, Randolph Quirk alipoanzisha Survey of English Usage, ambayo baadaye ilizaa kongoo ya London-Lund. Baadhi ya mazungumzo yake yalinaswa kwa siri. Utaratibu huo haukubaliki tena: siku hizi ridhaa hutangulia kinasa sauti.

Mtego umo katika maneno "kila siku". Jijini London, Kiingereza ni lugha ya jikoni na dukani. Gwarama, katika nyanda za juu za Kigoma, nyumbani na shambani hutawala Kiha. Shule ya msingi ya umma hufundisha kwa Kiswahili. Kiingereza huwa lugha ya kufundishia kuanzia sekondari. Mtafiti anayekitafuta Kiingereza cha kawaida huko atakikuta hasa darasani, mwalimu akieleza somo kwa Kiingereza na kugeukia Kiswahili swali linapokosa jibu. Kukata vipande vya Kiswahili ili "kuisafisha" rekodi ni kuiharibu, kwa kuwa mgeuko huo ndio matumizi yenyewe. Tatizo hili si geni. Sehemu ya Afrika Mashariki ya kongoo ya ICE, iliyokusanywa Kenya na Tanzania katika miaka ya 1990 chini ya Josef Schmied, ina kundi la pekee la maandishi yatokanayo na usemi, kama vile kumbukumbu za Bunge.

Rekodi za mahali husaidia pia kupima dhana za walimu. Husemwa kwamba Mtanzania hatofautishi "ship" na "sheep" kwa sababu Kiswahili kina irabu tano tu. Kiha nacho kina tano, lakini, kama Kirundi, hutofautisha maana kwa urefu wa irabu. Mwanafunzi wa Kibondo au Kasulu huenda akayatenganisha maneno hayo kwa urefu pekee, na sikio lililozoea kutafuta kosa lisilisikie. Hilo huamuliwa kwa kupima sauti iliyonaswa.

Darasani, dakika mbili au tatu hutosha, zisikilizwe kwanza bila unukuzi. Rekodi ya London isigeuzwe mizani ya kusahihishia matamshi. Faida yake kubwa ni nyingine: humo wenye lugha wenyewe husita, hurudia neno na kuacha sentensi njiani. Mwanafunzi anayenyamaza kwa kuogopa kuchekwa anahitaji kuyasikia hayo kuliko anavyohitaji orodha nyingine ya makosa.

Kwa wafasiri: kitenzi kunukuu hubeba maana mbili, kuandika kilichosemwa katika rekodi na kutaja maneno ya mtu mwingine. Nomino huziachanisha: ya kwanza ni unukuzi, ya pili ni nukuu. "Nukuu ya rekodi" kwa maana ya unukuzi wake wote iepukwe.