Nani Alituambia Losheni ya Jua ni ya Wazungu?

Wasee, leo tuongee kuhusu losheni ya jua. Hapa Kenya ukionekana ukijipaka, lazima mtu akuulize umekuwa mtalii lini. Ati sisi tuko na melanini, jua ni letu. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sina digrii ya kemia wala ya historia, lakini nimekaa na hii stori muda mrefu na naona hayo maneno hayakutoka hewani. Yana historia.

Anza na mwaka 1801, Ujerumani. Jamaa anaitwa Johann Wilhelm Ritter alipasua mwanga wa jua ukatoa rangi zake, kisha akaweka kloridi ya fedha, kemikali inayogeuka nyeusi ikipigwa na mwanga. Mahali ilipogeuka haraka zaidi ni pale nje ya zambarau, ambapo macho hayaoni kitu. Hiyo ndiyo miale ya urujuanimno, ile tunaita UV. Inayotusumbua ni aina mbili. UVB huchoma tabaka la juu la ngozi na kuharibu DNA ya seli moja kwa moja. UVA huzama ndani zaidi, huzeesha ngozi, nayo pia huchangia saratani. Losheni inafanya kazi kwa kuinyaka hiyo miale kabla haijafika kwa seli na kuigeuza joto kidogo tu ambalo hata hulisikii. Hata zinki oksidi, ile watu husema ni kama kioo, kazi yake kubwa ni kunyaka. Kurudisha miale nje ni sehemu ndogo.

Sasa nani aliitengeneza, na alikuwa anamfikiria nani? Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wa Marekani walipewa mafuta mazito mekundu ya petroli, ya aina iliyotumika kwa mifugo. (Wakenya wa kujipaka Arimis, msicheke.) Benjamin Green, mfamasia wa Florida, ndiye husimuliwa kwamba aliyaboresha na kuyajaribu kwa kipara chake mwenyewe, na kutoka hapo 1944 ikaja Coppertone. Huko Ulaya, Franz Greiter alichomwa na jua akipanda mlima Piz Buin mwaka 1938, na 1946 akatoa krimu yake. Angalia vizuri walichokuwa wanauza: mzungu aende ufuoni, arudi na rangi ya kahawia bila kuchubuka. Yaani walilipa pesa ili wafanane kidogo na sisi. Sisi hatukuwa wateja.

Lakini kinachoniuma zaidi ya matangazo ni ile namba iko kwa chupa. SPF, ambayo Greiter aliipa umaarufu miaka ya 1970, hupimwa kwa kuangalia ngozi inachukua dozi gani ya miale ndiyo ianze kuwa nyekundu. Losheni ya 30 maana yake itahitaji dozi mara 30, kama umejipaka ya kutosha. Nyekundu! Wanaopimwa ni watu wa ngozi nyeupe, kwa sababu wekundu kwao unaonekana haraka. Hata ule mpangilio wa aina za ngozi ambao Thomas Fitzpatrick aliutoa 1975 ulianza na ngozi nyeupe, zetu zikaongezewa baadaye. Kwa hivyo mtu akisema hii kitu ni ya wazungu, kwa upande wa historia ako sawa.

Kwa upande wa ngozi, hapo ndio tunadanganyana. Utafiti wa 1979 ulilinganisha ngozi na kupata kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi linakinga kama SPF 13 hivi, na la ngozi nyeupe kama 3. Ni ulinzi mzuri sana, siukatai. Mimi mwenyewe mara nyingi kofia inanitosha. Shida ni kwamba tukisema "sisi Waafrika" tunasahau kuna Waafrika ambao hiyo melanini hawana.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino Kenya. Mmoja ni binamu yangu. Nairobi iko karibu na ikweta na karibu mita 1,800 juu ya bahari, na ukipanda juu hewa inapungua, miale inaongezeka. Kwake jua la saa sita si suala la urembo, ni saratani ya ngozi. Shule moja aliyosoma ilimnyang'anya kofia paredi kwa sababu haikuwa ya yunifomu. Mwalimu aliyemnyang'anya alikuwa anaamini kabisa kwamba mambo ya kujikinga jua ni madoido.

Serikali, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, hugawa losheni bure kwa watu wenye ualbino, na hapo naipa heko. Ila chupa inaisha haraka ukiitumia vile inafaa: uso na shingo pekee ni karibu kijiko kimoja cha chai, na unarudia kila saa mbili ukiwa nje. Mtu akiogopa kuishiwa anajipaka kiduchu, na kiduchu hakikupi ile namba iliyoandikwa.

Majirani zetu wameonyesha njia nyingine. Pale Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC, wanatengeneza losheni inaitwa Kilisun, na waliokuwa wanaulizwa kama inafaa ni Watanzania wenye ualbino. Moshi hadi Taveta si mbali, matatu inakufikisha kabla simu iishe chaji. Ningependa kuona wabunge wetu wakipanga safari ya kwenda kujifunza huko, kwa vile safari wanazipenda.