Uhalisia uliopanuliwa (XR): Ni nini, na unamfaa nani katika biashara ya mpakani?

Mfanyabiashara wa Merikit, wilayani Tororo, anayepeleka mahindi Busia au Malaba huanza kuuza kwa simu. Hupiga picha magunia, humtumia mnunuzi wa ng'ambo, kisha husubiri bei. Teknolojia inayoelezwa hapa inakwenda hatua moja mbele ya picha, kwani humfanya mtazamaji ajione kama yupo mahali penyewe. Makala haya yanaeleza aina zake, na wapi inalipa na wapi haisaidii.

Aina tatu

Uhalisia uliopanuliwa, kwa kifupi XR, ni jina la jumla la teknolojia tatu:

1. Uhalisia pepe (VR). Mtumiaji huvaa miwani inayoziba macho kabisa. Haoni chumba alimo bali mahali palipotengenezwa na kompyuta au kurekodiwa kwa kamera ya pande zote. Akigeuza kichwa, picha nayo hugeuka.

2. Uhalisia ulioboreshwa (AR). Mtumiaji huona mazingira yake halisi, na juu yake huongezewa maandishi au picha. Simu yenye kamera inatosha. Mchezo wa Pokémon Go, uliotoka Julai 2016, uliwatambulisha watu wengi kwa aina hii.

3. Uhalisia mseto (MR). Vitu vya kompyuta hukaa ndani ya chumba halisi na kufuata umbo lake, mathalani juu ya meza, na huendeshwa kwa ishara za mkono. Microsoft ilitoa miwani ya HoloLens ya aina hii mwaka 2016.

Ilikotoka

Mwaka 1968 Ivan Sutherland wa Marekani alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani, kizito kiasi cha kuning'inizwa kwenye dari. Mwaka 2014 Google ilitoa Cardboard, boksi la kadibodi la kuwekea simu, na bei ikashuka sana. Jijini Nairobi, kampuni ya BlackRhino VR ilianzishwa mwaka 2015.

Inapolipa

Mafunzo ya madereva: Mwaka 2017 kampuni ya usafirishaji ya UPS ya Marekani ilitangaza kutumia miwani ya VR kuwafundisha madereva wake kutambua hatari barabarani, kama vile waenda kwa miguu, magari yaliyoegeshwa na magari yanayokuja mbele. Faida yake kwa msafirishaji ni rahisi kuiona. Dereva wa lori la mafuta anayejifunzia darasani anaweza kukosea mara kumi bila mtu kuumia wala mzigo kumwagika. Barabarani, kosa moja linatosha. Hata hivyo, miwani haimpi uzito wa usukani wala wa breki, hivyo mafunzo ya barabarani yanabaki palepale.

Ghala: Mwaka 2015 DHL ilitoa matokeo ya majaribio ya wiki 3 katika ghala moja mjini Bergen op Zoom, Uholanzi. Wafanyakazi 10 walivaa miwani iliyowaonyesha rafu na idadi ya bidhaa za kuchukua, badala ya kushika karatasi. Kazi ilienda kwa ufanisi zaidi kwa asilimia 25. Ghala hilo lilikuwa na maelfu ya oda; stoo ya magunia 200 haihitaji kifaa hicho.

Isichanganywe na

Mfumo wa kikanda wa kufuatilia mizigo kielektroniki (RECTS), ulioanzishwa na Kenya, Uganda na Rwanda mwaka 2017, huonyesha lori lilipo kwenye ramani. Skana ya forodha hupiga picha ya ndani ya kontena. Vyote ni vya kielektroniki, lakini si XR.

Isichoweza kuona

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliyaruhusu kwa masharti, likiwemo la cheti kinachoonyesha kuwa aflatoksini iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Hakuna kamera, miwani wala picha ya pande zote inayoonyesha aflatoksini. Gunia linaweza kupendeza kwenye skrini na bado likakataliwa mpakani. Dawa ni kukausha hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, kupima sampuli na kuwa na cheti.

Kabla ya kulipa, uliza:

- Kosa ninalotaka kuzuia hunigharimu kiasi gani kwa mwaka? Kama ni chini ya bei ya kifaa, acha.
- Je, kinafanya kazi bila intaneti na umeme unapokatika?
- Nani atakitengeneza, na yuko wapi?
- Je, simu niliyo nayo haitoshi?

Kwa kampuni yenye malori mengi na madereva wapya kila mwaka, hesabu inaweza kukubali. Kwa mnunuzi wa mahindi wa Merikit, fedha hizo zianzie kwenye turubai la kuanikia na kipima unyevu.